Tupo Tu: shajara ya kutia Kiswahili kwenye sinema za mrengo wa kushoto za Japani

13 Januari 2024: Mahali pa kuanzia

Mradi wenyewe ni kuandika sabtaito (maandishi ya chini ya picha) za Kiswahili kwa filamu tano za Japani za baada ya vita, kisha kuzionyesha Ngamiani, Tanga, katika kibanda umiza cha binamu yangu. Siku za ligi ya Uingereza kibanda hicho hakina pa kuweka mguu. Siku nyingine kinalala. Naandika hapa kila hatua inapokamilika ili atakayetaka kuiga asilipie makosa niliyokwisha kuyalipia mimi. Bajeti ni shilingi 900,000. Watu ni watatu: mimi, binamu, na Dada mmoja aliyesoma Kijapani miaka minne ambaye hataki jina lake litajwe mpaka aone kama tutaaibika.

Ukitaja sinema ya Kijapani mtaani kwetu, watu wanakutajia panga. Mimi nilivutwa na kisa cha mgomo. Mwaka 1948 studio ya Toho iliyoko Kinuta, Tokyo, ilikuwa mikononi mwa wafanyakazi wake. Kampuni ilitangaza kupunguza watu mwezi Aprili, chama cha wafanyakazi kikaikalia studio, na mgomo ukaenda siku 195. Tarehe 19 Agosti walikuja polisi wapatao 2,000, na nyuma yao jeshi la Marekani pamoja na vifaru na ndege. Usemi uliobaki ni kwamba kisichokuja ni manowari tu. Ni Marekani ileile iliyoruhusu vyama vya wafanyakazi mwaka 1945 ilipoanza kuitawala Japani. (Mwaka huohuo wa 1948 makuli wa bandari ya Zanzibar nao waligoma, ila hao hawakuwa na studio ya kuikalia.)

Mgomo ulipomalizika Oktoba, viongozi wa chama, wakiwemo waongozaji Yamamoto Satsuo na Kamei Fumio, waliondoka ili wenzao wabaki na kazi. Mwaka 1950 ukaja msako wa wakomunisti, na katika sinema peke yake wakafukuzwa watu zaidi ya 100. Wakaunda vikampuni vyao, wakachangisha, wakapiga picha barabarani kwa kuwa studio hawakuwa nayo tena. (Majina nayaandika kama wenyewe wanavyoyaandika, la ukoo kwanza.)

Filamu nilizochagua: *Dokkoi ikiteru* (1951) na *Mahiru no ankoku* (1956) za Imai Tadashi, *Onna hitori daichi o yuku* (1953) ya Kamei, *Hadaka no shima* (1960) ya Shindo Kaneto, na *Nihon no yoru to kiri* (1960) ya Oshima Nagisa. Hiyo ya mwisho ilitoka studio kubwa na kijana wa kizazi kingine. Nimeiweka kwa sababu inawasema wote waliotangulia.

2 Februari: Haki, kosa la kwanza na la ghali

Nilikuwa nimeshaahidi watu. Nilisoma mahali kwamba filamu za Japani zilizotoka kabla ya 1953 ziko huru, nikapiga mahesabu ya haraka na kumwambia binamu achapishe tangazo. Dada ndiye aliyenishika mkono. Sheria ya zamani ya Japani ilimlinda mtunzi mpaka miaka 38 baada ya kifo chake, na mahakama za huko zimeshaamua kwamba mwongozaji anaweza kuhesabiwa mtunzi. Imai alifariki 1991. Piga hesabu mwenyewe uone kama filamu yake ya 1951 iko huru.

Tangazo likatolewa ukutani. Niliandika barua nne kwa wenye haki, Dada akazitia Kijapani cha heshima. Wawili walijibu. Mmoja aliruhusu bila malipo, kwa sharti tusitoze kiingilio. Mwingine alitaka yeni 20,000, kama shilingi 340,000 kwa bei ya benki siku ile. Hivyo filamu mbili, *Dokkoi* na *Hadaka*, zitaonyeshwa hadharani. Zilizobaki tutazitafsiri kwa diski tulizonunua, na kuzijaribia sebuleni kwangu na watu wasiozidi wanane. Andika barua kwanza, tangazo baadaye.

24 Februari: Diski

Zimefika zote tano, shilingi 465,000 pamoja na usafiri na ushuru. Deki ya binamu ilizikataa, maana diski hufungwa kwa kanda za dunia: za Japani ni za kanda ya 2 na deki zetu ni za kanda ya 5. Kompyuta yenye programu ya VLC ilizifungua bila maneno. Kingine: nyingi hazina sabtaito za lugha yoyote, kwa hiyo Dada anasikiliza na kuandika kila sentensi.

Kwa *Mahiru* tulipata faili la sabtaito lenye muda wa kila mstari, kutoka nakala ya Ulaya, tukadhani tumeokoa wiki mbili. Dakika ya kwanza maneno yalikaa sawa. Dakika ya 20 mtu anafungua mdomo na maneno yake yameshapita. Nakala ile ilikwenda picha 25 kwa sekunde, yetu 23.976, kwa hiyo kufikia dakika ya 100 tofauti ni dakika nne na zaidi. Programu ya Subtitle Edit inabadilisha kasi ya faili zima kwa hatua moja. Mimi nilikuwa nimeshasogeza mistari 300 kwa mkono kabla ya kujua.

30 Machi: Maneno ya jukwaani

Hapa ndipo mradi ulipotaka kunifia.

*Dokkoi ikiteru* inamhusu mtu aitwaye Mori, baba wa familia, anayeamka kabla ya jua kuwahi foleni ya kazi za kutwa Tokyo. Picha zilipigwa mitaani, na waigizaji ni wa Zenshinza, kundi la tamthilia ambalo wanachama wake walijiunga na Chama cha Kikomunisti mwaka 1949. Nilipojua hayo, kalamu ikapata joto. Nimelelewa na baba aliyekuwa balozi wa nyumba kumi, na msamiati wa Azimio la Arusha ninao kichwani kama wimbo: mvujajasho, bepari, kabaila, mirija, kupe. Nikaumwaga wote.

Jaribio la kwanza lilikuwa na watu wanane sebuleni. Mori yuko na wenzake, wamechoka, wanasemezana juu ya ujira, na chini ya picha inatokea: "Mabepari wanatunyonya sisi wavujajasho." Kijana mmoja akauliza, "Huyu naye anagombea udiwani?" Sebule nzima ikacheka, na tangu hapo hakuna aliyemwamini Mori tena. Tukarudi kusikiliza Kijapani. Mori hakusema bepari. Alichosema ni kwamba hawatawalipa. Kiswahili kina "hawatatulipa", herufi 12, sentensi kamili, inasomeka kabla mtu hajapepesa.

Nilifuta mistari 212. Kila neno la jukwaani nililiuliza: je, mtu mwenye njaa angelitamka saa kumi na moja alfajiri? Yalibaki matatu.

Halafu likaja neno *nikoyon*. Ndivyo walivyoitwa vibarua wa serikali Tokyo wakati ule, kwa sababu ya ujira wa siku: yeni 240, yaani mia mbili na makumi manne, "ni" ikiwa mbili na "yon" nne. Jina la mtu limekuwa bei yake. Mimi nilikuwa nimeandika "mfanyakazi wa kutwa", herufi nyingi na ladha hakuna. Nilijaribu "Mia-mbili-arobaini", watu wakadhani ni namba ya mfungwa.

Aliyenitoa ni mzee jirani, ambaye baba yake alikuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge.

"Shikamoo mzee. Mtu anayelipwa kwa siku, asiyejua kesho kama atapata, mlimwitaje?"

"Marahaba. Kibarua, mwanangu. Kwani wewe humwitaje?"

"Kibarua, lakini nataka neno lenye hesabu ndani."

"Basi lina barua ndani. Kile kikaratasi. Bila kikaratasi hulipwi."

Nilikuwa nalitumia neno hilo kila siku bila kuona barua iliyomo. Japani walimpa mtu jina la ujira wake, huku kwetu jina la karatasi inayothibitisha ujira. Sasa ni "kibarua" kote, na mara moja tu, neno linapotokea kwa mara ya kwanza, "kibarua wa 240". Hakuna aliyeuliza tena.

Jina la filamu nalo lilitupa taabu. "Dokkoi" ni mguno wa mtu anayejitwisha mzigo au anayegoma kuangushwa, na "ikiteru" ni kwamba yu hai. Tulipitia "Tungali Hai" (kama wimbo wa mazishi) na "Hatufi Ng'o" (kama filamu ya ngumi). Asubuhi moja nilimuuliza muuza kahawa habari za siku nyingi, akajibu, "Tupo tu." Nikamlipa vikombe viwili.

20 Aprili: Jaribio la DJ

Binamu alishikilia kwamba watu wa kibanda umiza hawasomi. Wanataka DJ atafsiri kwa mdomo, kama walivyozoea kwa filamu za Kihindi na za Kichina. Nilikataa, nikashindwa, nikalipa 60,000. DJ alipewa *Tupo Tu* na wageni waalikwa 11.

Ilikuwa balaa tamu. Kuna sehemu Mori amepata ahadi ya kazi kiwandani. Wenzake wanachangiana ili familia isogee mpaka siku ya mshahara, naye anakunywa nao, anaibiwa pesa yote ya mchango. DJ aliifanya kichekesho: "Kaka kalala na mia, kaamka na nia!" Watu walivunjika mbavu, na asubuhi yake, Mori anapokataliwa kazi, walikuwa bado wanacheka. Filamu ilikuwa imeshaondoka.

Lakini nilikuwa nimerekodi sauti, na niliposikiliza nyumbani nikaona mtu huyu amenipa zaidi ya 60,000. Mimi nilikuwa nimeandika "msimamizi". Yeye bila kufikiri alisema "nyapara". Nimeandika "atatufukuza katika nyumba", yeye "anatutolea vyombo nje". Nilichukua maneno 19 kutoka kwake, na nimemwambia.

Na Japani yenyewe ilikuwa na watu wa kazi hii. Waliitwa *benshi*, walisimama kando ya pazia enzi za filamu zisizo na sauti, na watazamaji wengine walikata tiketi kumfuata benshi kuliko filamu. Heigo, kaka yake mwongozaji Kurosawa Akira, alikuwa mmoja wao. Filamu za sauti zilipoingia aliongoza mgomo wa mabenshi mwaka 1932. Walishindwa, na mwaka uliofuata akajiua. Mdogo wake alikuwa Toho wakati vifaru vinafika Kinuta.

Uamuzi: sabtaito zinabaki, na DJ ataongea dakika tano kabla ya filamu, asiguse iliyomo ndani.

4 Mei: Tupo Tu hadharani

Watu 27. Projekta shilingi 40,000. Hawakucheka pasipotakiwa. Sehemu iliyowashika zaidi ni ile ya mchango, na hapo sikuhitaji kufafanua kitu.

25 Mei: Mahakama ipi?

*Mahiru no ankoku* imetokana na kesi ya kweli. Mwaka 1951 wazee wawili, mume na mke, waliuawa huko Yakai, mkoa wa Yamaguchi. Mtu mmoja alikamatwa na kukiri, kisha akawataja wengine wanne waliokuja kusema kwamba polisi waliwabana mpaka wakakiri uongo. Imai alitoa filamu mwaka 1956, kesi ikiwa bado mezani kwa majaji. Mwandishi wa muswada ni Hashimoto Shinobu, yuleyule aliyeshiriki kuandika ile sinema ya samurai saba, kwa hiyo wapenda panga nao nimewapa chao.

Kosa dogo: nilitumia "kuungama" kila mahali. Padri ndiye anayeungamisha. Polisi wanataka mtu akiri. Nimebadilisha mara 31.

Kosa kubwa liko kwenye sekunde za mwisho. Rufaa imeshindikana. Mama amekuja gerezani, anaondoka, na mwanawe anamfuata kwa sauti kutoka nyuma ya nondo kwamba bado kuna mahakama moja. Mimi niliandika: "Mama! Bado kuna Mahakama Kuu!"

Kimya. Kisha mwalimu mstaafu aliyekuwa kwenye kiti cha mbele akasema taratibu, "Na ikishindikana hapo, ataenda Rufani." Alikuwa na haki. Kwa Mtanzania, juu ya Mahakama Kuu ipo Mahakama ya Rufani. Mtu aliyekuwa anashika uzi wa mwisho, mimi nimempa nyuzi mbili.

Nikajaribu "Mahakama ya Rufani". Hapo ikawa mbaya zaidi, kwa sababu rufaa ndiyo kwanza imetupwa dakika chache nyuma, na watu wakadhani anarudi palepale. "Mahakama ya Juu" ni ya Wakenya. Wa Mombasa angeelewa mara moja, wa Tanga angesita. "Mahakama ya mwisho kabisa kuliko zote" haitoshi kwenye ukelele wa sekunde tatu, na hakuna mtu anayelia namna hiyo.

Tulichofanya ni kuweka kadi nyeupe ya sekunde nane kabla filamu haijaanza: kesi ya Japani hupanda ngazi tatu, ya wilaya, ya rufaa, na ya juu ambayo ndiyo mwisho. Halafu mstari ukawa: "Mama! Bado kuna Mahakama ya Juu!" Jaribio la pili sebuleni, mke wa mwalimu alijifunika uso kwa kanga. Nilipowasha taa niliwaambia kilichofuata: mwaka 1956 ukelele ule ulikuwa unaelekezwa kwa mahakama halisi, yenye faili halisi, na wale wanne walikuja kuachiwa huru na mahakama hiyohiyo mwaka 1968. Mwalimu akahesabu kwa vidole. Kumi na saba.

22 Juni: Hadaka no shima

Kazi ya kutafsiri: karibu sifuri. Filamu ina mume, mke, watoto wawili, kisiwa kikavu, na mazungumzo hakuna. Shindo aliipiga kwenye kisiwa kidogo karibu na Mihara, mkoa wa Hiroshima, na kikosi cha watu 13, kampuni yake ikiwa hoi kifedha. Mwaka 1961 ikashinda tuzo kuu Moscow. Wanachota maji kisiwa cha jirani, wanavuka kwa mtumbwi, wanapanda mlima na mizegazega mabegani, wanamwagilia mche mmoja mmoja. Basi.

Niliogopa watu wangeondoka. Walikuja 43. Umeme ulikatika dakika ya 38, jenereta ikala petroli ya 25,000, na hakuna aliyeinuka. Mke alipoteleza akamwaga ndoo, na mume akamzaba kibao, wanawake wa nyuma walipiga kelele ambayo hakuna DJ angeiweza. Mmoja alitoka akisema, "Miaka yote nachota maji, leo ndio nimeona picha yake." Sanduku la hiari kwa usiku mbili: 31,200.

10 Agosti: Oshima, na yale maneno niliyoyafuta

Dakika 107 za watu kubishana. Kuna arusi ya mwaka 1960, baada ya maandamano dhidi ya mkataba wa usalama na Marekani, na wageni wanafukua ya miaka kumi nyuma: mwanafunzi aliyetuhumiwa na wenzake wa chama kwamba alimwachia mpelelezi, akajiua. Kamera haikati mara kwa mara; inazunguka kutoka uso hadi uso, na kila uso una hoja. Studio ya Shochiku iliiondoa kwenye majumba yake baada ya siku chache tu, wiki ileile ambayo Asanuma Inejiro, kiongozi wa Wasoshalisti, alichomwa kisu jukwaani tarehe 12 Oktoba 1960.

Rasimu ya kwanza ilikuwa mistari 1,600, haisomeki. Nikaikata hadi 1,150. Ikasomeka lakini wote wakawa wanaongea sawa, na bila kujua Kijapani hukujua nani anamchoka nani.

Dada ndiye aliyeuliza, "Yale maneno yako ya Machi uliyatupa?"

Nilikuwa nimeyahifadhi. Tukampa Nakayama, yule kiongozi wa chama wa kizazi cha zamani, msamiati wote wa Azimio: "ndugu", "safu ya mbele", "vibaraka", "kujikosoa". Vijana wanaompinga tukawapa Kiswahili cha kawaida, kifupi, chenye hasira. Kilichoharibu kinywa cha Mori kilikaa kwa Nakayama kama kanzu iliyoshonwa kwa vipimo vyake. Mwisho wa filamu anahutubia tu, haachi, huku kamera inaondoka na ukungu unashuka. Sebuleni yule kijana wa udiwani alisema, "Sasa huyu ndiye anayegombea."

Baba yangu alikuwepo. Hakucheka. Aliomba nimrudishie ile sehemu ya kujikosoa, akaiangalia mara mbili, akasema chakula kinapoa.

14 Septemba: Mahesabu na kilichobaki

Diski 465,000. Haki 340,000. Dada, filamu tatu, 300,000. DJ 60,000. Projekta, usiku mbili na jaribio moja, 120,000. Petroli 25,000. Bando, kuchapisha na kadi 45,000. Jumla 1,355,000, yaani 455,000 juu ya bajeti, na lile sanduku la hiari halikufika hata bei ya projekta ya usiku mmoja. Mwenye kuiga aanze na filamu mbili, na mojawapo iwe *Hadaka*.

Imebaki ya Kamei, *Onna hitori daichi o yuku*, kuhusu mwanamke kwenye migodi ya makaa ya mawe Hokkaido. Wachimbaji wenyewe waliichangia, yeni 33 kila mmoja, na kampuni iliyoitengeneza ilijiita Kinuta, jina la ile studio iliyozingirwa na vifaru. Dada ameshaandika Kijapani chote. Mimi nimekwama mstari wa 64, kwa sababu Tanga tuna maneno ya mkonge na ya bandari, ya mgodi hatuna. Nguzo ya mti inayozuia paa la shimo lisishuke, na kile kigari cha relini kinachotoa makaa nje, wachimbaji wenyewe wanaviitaje? Kama umewahi kushuka Kiwira, au una mjomba aliyeshuka, niandikie. "Nguzo" na "kitoroli" ninazo tayari. Nataka zile mnazozitamka mkiwa chini.